Mpiga Kinanda na Dada Yake

Usiku wa kiangazi, mwezi usipokuwako, mtu akitoka nje ya nyumba katika vijiji vyetu visivyo na umeme, aona utajiri ambao watu wa miji mikubwa wamekwisha kuupoteza kwa ajili ya wingi wa taa zao. Nyota ni nyingi hata macho yachoka. Wazee wetu hawakuzitazama kwa mchezo tu. Walikijua Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, na jina lenyewe lasema kazi yake: ni nyota za kulimia. Walijua pia Zuhura, ing'aayo alfajiri au magharibi kupita nyota zote.

Lakini kati ya nyota hizo imo moja isiyopewa jina na wazee wetu, wala na Wayunani, wala na Waarabu waliozipa nyota nyingi majina, wala na watu wa Ulaya mpaka mwaka 1781. Si kwamba ilijificha. Mtu mwenye macho mazuri, usiku wenye giza kabisa, aweza kuiona kidogo bila kioo chochote. Watu waliiona. Tena baadhi yao walikuwa mabingwa wa elimu ya nyota, wakaiandika katika vitabu vyao, na hawakujua wameandika nini.

Habari hiyo tuliwasimulia vijana waliobaki nje baada ya sala ya jioni. Mmoja akatuuliza: “Huyo aliyeitambua alisoma chuo gani?” Tukamjibu kwamba hakusoma chuo chochote cha nyota, alikuwa mpiga kinanda kanisani. Wakacheka. Kisha msichana mmoja akauliza: “Na mke wake alisemaje, bwana kukesha nje kila usiku?” Tukasema: siku zile hakuwa na mke, alikuwa na dada. Na hapo ndipo tulipotambua kwamba habari ya dada hatukuwa tumeisema hata kidogo. Basi leo twaiandika yote.

Baba yao, Isaac Herschel, alikuwa mpiga muziki wa jeshi katika mji wa Hannover, nchi ya Ujerumani. Watoto walikuwa wengi, na mshahara mdogo. Walakini baba huyo alikuwa na desturi moja nzuri: usiku wa baridi kali alimtoa bintiye Caroline barabarani, akamwonyesha mafungu ya nyota, na nyota yenye mkia iliyoonekana wakati ule. Mwaka 1764, jua lilipopatwa, aliwakusanya jamaa zake uani, wakaitazama sura ya jua ndani ya chombo cha maji. (Waganga wa macho wakataza jambo hilo, maana mwanga wa jua huharibu macho hata ukirudi kutoka majini. Msiwafuate.)

William alizaliwa mwaka 1738, Caroline mwaka 1750. Wafaransa walipoingia Hannover mwaka 1757, William alivuka bahari akaenda Uingereza, kijana asiye na kitu isipokuwa ujuzi wa muziki. Alinakili nota za watu, akafundisha, akapiga ala mbalimbali, hata mwaka 1766 akapata kazi ya kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath. Nyumbani, Caroline aliugua homa ya tifusi alipokuwa na miaka kumi. Akapona, lakini kimo chake kikakoma; maisha yake yote hakupita sentimeta 130 hivi. Baba alimwambia wazi kwamba hana uzuri wala mali, basi asitazamie kuolewa. Mama naye aliona faida yake: binti wa namna hii atabaki jikoni, kufua, kufuma soksi na kuwatumikia kaka zake. Baba alitaka asome zaidi. Mama akakataa.

Baba akafa mwaka 1767. Mwaka 1772 William akaja kumchukua dada yake, amfundishe kuimba kule Bath. Mama hakumwachilia mpaka William alipokubali kutoa fedha kila mwaka za kuajiri mtumishi mahali pake. Sisi tulipofika hapo katika habari hizi tulisimama kidogo. Binti aliye na sauti ya kuimba na akili ya hesabu, na bei ya kumtoa jikoni ni mshahara wa mtumishi! Tusiseme upesi kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Tumeketi katika mabaraza ya jamaa zetu, tumesikia hesabu kama hizo.

Katika Bath alijifunza Kiingereza, kuimba, na kuandika matumizi ya nyumba. Jedwali la kuzidisha hakuweza kulishika kichwani hata uzeeni, akatembea nalo limeandikwa kwenye karatasi. Wanafunzi wetu wanaolia juu ya jedwali hilo wapate faraja. Akawa mwimbaji mzuri, akaongoza sauti katika nyimbo kubwa za Händel mbele ya watu wengi. Baadaye aliitwa kuimba katika mji mwingine, akakataa, maana hakutaka kuimba asipoongozwa na kaka yake.

Na kaka yake wakati ule alikuwa amekwisha kushikwa na jambo jingine. Mwaka 1773 alinunua kitabu cha elimu ya nyota kilichotungwa na James Ferguson kwa ajili ya watu wasio mabingwa. Huyo Ferguson mwenyewe alikuwa mchunga kondoo wa Uskoti. Usiku alilala malishoni amejifunika blanketi, akapima nafasi kati ya nyota kwa shanga zilizotungwa katika uzi. William akasoma kitabu kile kitandani, akataka kuona kwa macho yake. Darubini zilizouzwa zilikuwa ghali. Akaamua kujitengenezea.

Darubini ya namna yake haikuwa na kioo cha mbele kama luneti. Ilikuwa bomba refu, na chini yake sinia la metali lililochimbwa kidogo katikati na kung'arishwa mpaka likawa kioo cha kukusanya nuru. Metali hiyo ni shaba iliyochanganywa na bati, vitu ambavyo ardhi ya Kongo imejaa navyo. Kuiyeyusha si shida kubwa. Shida ni kuisugua. Mkono ukiacha kazi kabla ya wakati, umbo laharibika. William alisugua kwa saa nyingi bila kuondoa mikono, mara moja saa 16 mfululizo. Caroline akamlisha vipande vya chakula kinywani, akamsomea hadithi, nazo ni pamoja na zile za Alfu Lela Ulela. Nyumba nzima ikawa karakana: seremala sebuleni, mashine chumbani. Na kalibu ya kumiminia metali ilifanywa kwa samadi ya farasi, ambayo Caroline aliitwanga kinuni na kuichekecha kwa chekeche laini, mafungu kwa mafungu. Siku moja mwaka 1781 tanuru likapasuka, metali ya moto ikamwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakalipuka yakaruka mpaka darini, na kila mtu akakimbilia mlango uliokuwa karibu. William akaanguka juu ya rundo la matofali, amechoka kabisa. Lakini kufika siku hiyo alikuwa amekwisha kuona alichokiona, kwa darubini ndogo zaidi.

Ilikuwa tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka ule ule, kati ya saa nne na saa tano za usiku. Darubini yenyewe ilikuwa na urefu wa mita mbili na kidogo, na kioo chenye upana wa sentimeta 16. William alikuwa amejiwekea kazi ya kuzipitia nyota zote zenye mwanga wa kutosha, moja baada ya moja, bila kuchagua. Katika mpaka wa mafungu mawili, Ng'ombe Dume na Mapacha, akaona nyota iliyokuwa nene kuliko jirani zake. Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapo pana akili yote ya jambo hili. Nyota za kweli ziko mbali mno, hata ukiongeza nguvu ya darubini zabaki nukta tu. William akabadilisha vioo vidogo vya jichoni, akaongeza nguvu mara mbili, kisha mara nne. Nyota ile ikakua kila mara. Jirani zake hazikukua. Usiku wa nne akarudi kuitazama. Imehama.

Akaandika kwamba ameona nyota yenye mkia. Naam, hata yeye alikosea jina lake. Mabingwa wakaifuata miezi mingi, mkia haukuonekana. Anders Lexell akapiga hesabu ya njia yake, akaona kwamba yalizunguka jua kwa duara kubwa, mbali kupita Zohali mara mbili. Basi ilikuwa sayari. Tangu zamani za kale watu walihesabu sayari tano angani, na sasa mpiga kinanda akaongeza nyingine. Mjerumani Johann Bode akaipa jina la Urano. Yachukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja.

Ndipo wataalamu wakafungua vitabu vya zamani kutafuta kama kuna aliyeiona mbele. Wakakuta aibu kidogo. Mwingereza John Flamsteed, mkuu wa nyumba ya nyota ya Greenwich, aliiandika mwaka 1690 kuwa nyota ya 34 ya Ng'ombe Dume. Mfaransa Pierre Le Monnier aliiandika mara 12, na katika mwezi wa kwanza wa 1769 mara kadhaa kwa siku chache. Laiti angalilinganisha maandiko yake ya juzi na ya leo, angaliona imehama. Hakulinganisha. Sisi hatumcheki. Nani kati yetu hakupita kila siku mbele ya mtu mmoja mwenye shida, akamhesabu kuwa jirani tu?

Mfalme George wa Tatu akampa William pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki, akae karibu na jumba la kifalme la Windsor, awaonyeshe nyota wageni wake. Mshahara huo ulikuwa mdogo kuliko mapato yake ya Bath. William akafurahi. Na Caroline? Mwaka 1782 akaacha kuimba. Hatujasoma mahali popote kwamba aliulizwa. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba kwa kaka yake hakuwa zaidi ya mbwa mdogo aliyefundishwa vizuri, atendaye anachoambiwa. Ni neno chungu, na tena alilisema kama kwa unyenyekevu. Sisi twampenda William, lakini hapo hatumtetei.

Kazi yao ya usiku ilikuwa hivi. William alipanda ngazi mpaka kwenye jicho la darubini ya mita sita, akatazama gizani bila taa, maana taa hupofusha jicho linalotazama nyota. Alipoona kitu, alipiga kelele. Caroline alikaa karibu na mshumaa na saa, akarudia neno kwa sauti ili asikosee, akaandika saa na mahali. Nyakati za baridi wino uliganda. Asubuhi alinakili yote safi, akapiga hesabu zote. Kwa namna hiyo waliandika vijiwingu vya nuru na makundi ya nyota yapatayo 2500, mahali ambapo kabla yao yalijulikana mia moja na kidogo. Vijiwingu vingi kati ya hivyo, twajua leo, ni bahari za nyota kama hii yetu, mbali kuliko mtu awezavyo kufikiri.

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1783 palikuwa na mawingu, kisha yakapasuka kidogo. Kaka akaita kutoka juu ya ngazi, asogeze darubini. Caroline akakimbia gizani penye theluji iliyokuwa ikiyeyuka, akaanguka juu ya kulabu ya chuma iliyokuwa chini ya mashine, ikamwingia pajani juu ya goti. Walipomnyanyua, kipande cha nyama kilibaki katika chuma. Katika maandishi yake asema kwamba alipata faraja moja: usiku ule uliobaki ulikuwa wa mawingu, kwa hiyo kaka yake hakupoteza kitu kwa ajili ya jeraha lake.

William alikuwa amempa darubini ndogo yake mwenyewe. Kaka alipokuwapo, hakuwa na nafasi ya kuitumia. Kaka aliposafiri, alikuwa huru. Basi tarehe 1 mwezi wa nane 1786, William akiwa Ujerumani kupeleka darubini, Caroline akaona kitu kisichokuwa mahali pake. Usiku wa pili akahakikisha. Ilikuwa nyota yenye mkia, ya kwanza katika nane alizoziona mpaka mwaka 1797. Ile ya mwisho, alilala saa moja tu, akapanda farasi kwenda Greenwich kupeleka habari mwenyewe.

Mwaka 1787 Mfalme akampa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi ya kumsaidia kaka yake. Robo ya mshahara wa kaka, ndiyo. Lakini katika Uingereza hakuna mwanamke tujuaye aliyelipwa hivyo mbele yake kwa kazi ya elimu. Alikuwa na miaka 37. Aliandika kwamba hizo ndizo fedha za kwanza maishani mwake alizojiona huru kuzitumia apendavyo.

Mwaka uliofuata William akaoa mjane mmoja tajiri, na Caroline akatoka katika nyumba aliyoitunza miaka 16, akapanga chumba mahali pengine. Kazi ya usiku hakuiacha. Alikuja kwa miguu. Tangu mwaka huo kwa muda wa karibu miaka kumi hatuna maandishi yake ya kila siku. Aliyaandika, kisha akayaharibu kwa mkono wake. Mwanamke aliyehifadhi kila neno la kaka yake kuhusu nyota 2500 aliona maneno yake mwenyewe ya miaka ile hayafai kubaki. Labda palikuwa na hasira ndani yake, na alipopatana na wifi yake hakutaka wengine wazisome. Kama ni hivyo, alifanya tendo la upendo, nasi tumepoteza kitabu.

Katika miaka hiyo ndipo alipofanya kazi ambayo wachache waisifu. Alichukua vitabu vya Flamsteed, yule aliyeiandika Urano kuwa nyota ya 34, akalinganisha kila nyota ya orodha na maandiko ya usiku wenyewe. Akakusanya makosa, akapata nyota zaidi ya 500 ambazo Flamsteed aliziona na orodha yake ikazisahau. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1798. Kwa neno moja, dada alisahihisha daftari la bingwa.

Wageni wengi walifika kwao. Padri Giuseppe Piazzi wa Sicilia alikuja pia. Yasimuliwa kwamba alianguka kutoka ngazi ya darubini akavunjika mkono. Haikumkatisha tamaa. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1801, katika mji wa Palermo, aliona Ceres, ya kwanza kati ya sayari ndogo zizungukazo jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Naye kwa tahadhari aliitangaza kwanza kuwa nyota yenye mkia! Jamaa ya Herschel hawakuwa wa Kanisa letu, lakini usiku nyota ni zile zile.

William akafa tarehe 25 mwezi wa nane 1822, akiwa karibu kutimiza miaka 84, kama mzunguko mmoja wa sayari yake. Caroline akarudi Hannover kwa haraka ya majonzi, kisha akajuta maisha yake yote, maana huko hakuna aliyejua kazi yake, na majumba marefu yalimzuia kuona mbingu. Hata hivyo hakukaa bure. Akiwa amepita miaka 70 alipanga upya vile vijiwingu 2500 kwa ajili ya John, mwana wa William, apate kuvitafuta tena. Kwa kazi hiyo chama cha wataalamu wa nyota cha London kikampa nishani ya dhahabu mwaka 1828.

Mwaka 1834 John alifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika yetu, na darubini ya mita sita, akakaa huko mpaka 1838 kuziandika nyota za upande wa kusini ambazo baba yake hakuziona. Shangazi akamwandikia kutoka Hannover. Alikumbuka usiku mmoja wa zamani, William alipotazama karibu na fungu la Nge, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa Kijerumani kwamba hapo pana tundu kweli mbinguni. Katika Uingereza Nge hupita chini sana, karibu na miti, hata hakuonekana vizuri. Basi shangazi akamwomba John apatafute tena pale. John akapatafuta, akamjibu. Kitabu chake cha kazi za Rasi kilitoka mwaka 1847, kikamfikia Caroline mkononi. Alikufa tarehe 9 mwezi wa kwanza 1848, mwenye miaka 97.

Leo wataalamu wajua kwamba si tundu. Ni wingu la mavumbi meusi na hewa baridi, likiziba nuru za nyota zilizo nyuma yake, na ndani ya mawingu ya namna hiyo nyota mpya huzaliwa.

Msomaji atakaye kuitafuta Urano ajue kwamba katika miaka ya 2025 na 2026 njia yake yapita karibu na Kilimia. Tangu Flamsteed alipoiandika kwa kosa mwishoni mwa 1690, mwishoni mwa 2026 yaelekea kutimiza mizunguko minne, nayo yarudi pale pale. Darubini ndogo ya mkononi yatosha, na ramani ya nyota, na uvumilivu wa siku kadhaa mpaka uone ipi imehama. Lakini mahali pale pa Nge hapahitaji hata darubini. Mwezi wa saba, saa tatu za usiku, sisi wa Kongo twamwona amepanda juu sana, na ile nyota nyekundu ya moyo wake. Tazameni pembeni yake, mahali ambapo weupe wa nyota wakatika na giza laingia. Caroline hakupata kupaona vizuri hata mara moja.